Kitufe Kilekile

Weka GIMP 2.10, programu ya kuhariri picha, upande mmoja wa skrini na GIMP 3.0 upande wa pili. Brashi ipo, kifutio kipo, tabaka za picha zimepangwa kulia kama zilivyokuwa, na menyu ya faili inafunguka palepale. Yapo mapya, tena mazuri, hasa uwezo wa kuweka madoido juu ya picha na kuyabadilisha baadaye bila kuiharibu picha yenyewe. Lakini aliyezoea toleo la zamani hatapotea. Toleo la 2.10 lilitoka Aprili 2018, la 3.0 lilitoka tarehe 16 Machi 2025. Sehemu kubwa ya jasho lililomwagika kati ya tarehe hizo mbili haionekani popote, kwa sababu ilikuwa kazi ya kuhakikisha kwamba kilichokuwepo kinaendelea kuwepo.

Kazi hiyo ni kuhama. GIMP haichori vitufe vyake yenyewe. Inategemea maktaba iitwayo GTK, ambayo ndiyo inayojua dirisha ni nini, menyu ifunguke vipi, na mtu akibonyeza kipanya taarifa apewe nani. Waandishi wa programu huita maktaba ya namna hii fremuweki. GTK 2 ilitoka Machi 2002. GTK 3 ilitoka Februari 2011 na ikavunja kwa makusudi desturi nyingi za GTK 2, hata kila programu iliyotaka kusonga mbele ikalazimika kuandikwa upya hapa na pale. GIMP ilifika huko baada ya miaka 14, na ilipofika, GTK 4 ilikuwa imeshatoka tangu Desemba 2020.

Wapo wanaoisoma hesabu hiyo kama aibu, nami siafikiani nao. Katika miaka hiyohiyo watu walewale, wengi wao wakijitolea na idadi yao ikiwa ndogo, walikuwa wakibadilisha pia injini inayokokotoa pikseli zote za picha, wakaingiza ile iitwayo GEGL, na kazi hiyo ndiyo iliyoleta toleo la 2.10. Walichagua kumaliza moja kabla ya kuishika nyingine kwa mikono miwili. Watumiaji wao hawakukosa programu ya kufanyia kazi hata siku moja. Kwangu hilo ni jambo la kuheshimiwa.

Tena GTK yenyewe ilizaliwa ndani ya GIMP. Spencer Kimball na Peter Mattis, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walipoianza GIMP mwaka 1995 walijengea juu ya Motif, maktaba iliyokuwa na leseni ya kulipia. Programu yao ilikuwa ya bure, lakini aliyetaka kuijenga kutoka kwenye msimbo wake alipaswa kwanza kuwa na Motif. Mattis akaandika maktaba yake mwenyewe ili kuondokana na kikwazo hicho, na herufi za GTK zikatokana na jina GIMP Toolkit. Mwaka 1997 Miguel de Icaza na Federico Mena walipoanzisha GNOME, mazingira huria ya kompyuta ya mezani, waliichagua GTK kwa kuwa leseni yake ilikuwa huru, tofauti na ile ya Qt, maktaba nyingine ya aina hiyo, wakati ule. Tangu hapo maktaba iliyoandikwa kwa ajili ya programu moja ya picha ikawa ya maelfu ya programu, na ikaanza kwenda kwa mwendo wa mahitaji yao wote. GIMP, iliyoizaa, ikabaki mtumiaji mmoja kati ya wengi.

Nafanya kazi ya aina hii kwa kiwango kidogo. Natunza programu ya kuorodhesha vitabu, yenye madirisha machache, na nimeivusha kutoka GTK 3 hadi GTK 4. Kila ninapoambiwa kwamba kuhama toleo ni kazi ya kubadilisha majina ya amri, nakumbuka jinsi majina yalivyokuwa sehemu nyepesi kuliko zote. Uzito uko kwingine. Msimbo huhifadhi vizuri sana namna jambo lilivyofanywa, ila mara chache huhifadhi sababu ya kulifanya. Toleo jipya linapokunyima ile namna uliyoizoea, unabaki na swali la sababu, na mara nyingi aliyeijua hayupo tena.

Chukua mfano wa kuingilia data za wijeti, yaani vitufe, menyu na vipande vingine vya dirisha. Katika GTK 2 mwandishi wa programu aliweza kunyoosha mkono hadi ndani ya kitufe na kuchukua upana wake moja kwa moja kutoka mahali ulipohifadhiwa kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Hakuomba ruhusa wala hakumpitia mtu. GTK 3 ilifunga njia hiyo. Ukitaka kujua upana sasa unapiga hodi: unaita amri iliyowekwa kwa ajili hiyo, kitufe kinakujibu. Faida ya hodi ni ya mwenye nyumba kabla ya kuwa ya mgeni. Anayejua kwamba wageni wote hupita mlangoni anaweza kuhamisha vyumba vya ndani bila kumwangusha yeyote. Waandishi wa GTK waliona kwamba hawawezi kurekebisha chochote ndani ya maktaba yao, maana maelfu ya programu zilikuwa zimeshikilia vitu vya ndani kabisa.

Waliandaa njia, na hilo wanastahili kushukuriwa. Kabla GTK 3 haijatoka, toleo la mwisho la GTK 2 lilikuwa na swichi iitwayo GSEAL_ENABLE. Ukiiwasha, kompaila, ile inayogeuza msimbo kuwa programu inayoendeshwa, inakataa kila mahali unapoingia bila hodi, huku programu yako ikiwa bado iko kwenye GTK 2. Kwa hiyo ulisafisha kwanza, ukahama baadaye. Orodha ya makosa ambayo kompaila hutema siku ya kwanza ni ndefu na inachosha macho. Ukiipitia taratibu, hata hivyo, inaanza kuongea. Hapa upana unachukuliwa ili kuchora mstari. Hapa unachukuliwa ili kuficha hitilafu ya maktaba ambayo ilisharekebishwa zamani, na dawa yake imebaki ikimeza nguvu ya mashine bure. Na hapa hakuna anayejua kwa nini unachukuliwa, na ukiufuta hakuna kinachobadilika.

Katika kuchora, mabadiliko yalikwenda mbali zaidi. Chini ya GTK 2 programu ilipokea tukio la kuambiwa kwamba eneo fulani la dirisha limefunuliwa, nayo ikapaka rangi pale. GTK 3 iliondoa amri za zamani za kuchora, kila kitu kikapitia Cairo, maktaba inayochora mistari na maumbo kwa hesabu badala ya pikseli mojamoja. Katika GTK 4 programu haipaki tena kitu wakati ule ule. Inakabidhi maelezo ya kile inachotaka kionekane, maktaba inayapanga, kisha kadi ya michoro ndiyo inayotekeleza. Hatua zote hizi zinaelekea upande mmoja: mwandishi wa programu anazidi kuulizwa anataka nini, na anazidi kuondolewa jukumu la kusema kifanyike vipi. Mimi naliona kuwa jambo jema kwa jumla, ingawa najua uchungu wa aliyechora chati yake kwa mkono, kwa ustadi wa miaka, kisha akaambiwa mkono wake hauhitajiki.

Lakini pale nilipojifunza zaidi ni kwenye dirisha dogo la kuuliza.

Kila mtu analijua. Unafunga hati ambayo hujaihifadhi, kinatokea kisanduku: uhifadhi au usihifadhi? Kwa miaka mingi amri ya kufanya hivyo katika GTK ilikuwa gtk_dialog_run. Uzuri wake ulikuwa kwamba msimbo ulisomeka kama mazungumzo. Mstari huu unauliza, mstari unaofuata unapokea jibu, wa tatu unafanya kulingana na jibu. Aliyeusoma baada ya miaka 10 aliuelewa papo hapo. GTK 4 iliifuta amri hiyo. Sasa unaonesha kisanduku, unaondoka, na jibu likija linaamsha sehemu nyingine ya msimbo. Maelezo yaliyokuwa mkondo mmoja yanakatwa katikati, na kila ulichokuwa unakijua kabla ya kuuliza sharti ukihifadhi mahali ili sehemu ya pili ikikute.

Nililalamika moyoni, kama wengi. Kisha nikatazama ni nini hasa kilikuwa kikitokea chini ya ile amri ya zamani. Programu ilionekana imesimama kusubiri jibu, kumbe haikuwa imesimama. Ndani yake mzunguko mwingine mdogo ulikuwa unaendelea kupokea matukio: saa inayohifadhi kila baada ya muda, ujumbe kutoka kwenye mtandao, hata amri ya kufunga dirisha mama. Kwa hiyo iliwezekana mtu akawa anajibu swali kuhusu hati ambayo imeshaondolewa kwenye kumbukumbu. Mstari unaofuata ungeigusa hati hiyo, na programu ingeanguka. Yale maanguko ya ajabu, ambayo mtu huyasimulia lakini hawezi kuyarudia mbele ya fundi, baadhi yake yalitoka hapo.

Ule usomekaji mzuri ulikuwa unatuficha jambo la kweli: kwamba mtu akiulizwa, muda unapita, na dunia haimsubiri. Toleo jipya linakulazimisha kulikabili. Asipojibu kabisa itakuwaje? Akifunga dirisha mama wakati kisanduku kiko wazi, hati inahesabiwa imehifadhiwa au imetupwa? Haya ni maswali ya kazi yenyewe, ya mtu na hati yake, na mwandishi wa kwanza alipaswa kuyajibu. Fremuweki ilimruhusu asiyajibu.

Mabadiliko haya hayakutoka kwa watu wanaopenda kubadilisha tu, ingawa manung'uniko huwa hivyo. Mashine zilibadilika. X, mfumo uliobeba madirisha ya Linux kwa miongo, ulianza MIT mwaka 1984, na chini yake programu yoyote iliweza kujua iko wapi kwenye skrini, kujisogeza, hata kusikiliza herufi zinazochapwa katika programu nyingine. Wayland, itifaki iliyoanzishwa na Kristian Høgsberg mwaka 2008, inakataa hayo. Dirisha haliambiwi liko wapi. Ndiyo sababu GTK 4 iliondoa amri ya kulisogeza dirisha mahali maalumu, na programu zilizokuwa zikikumbuka zilipokaa jana zikapoteza uwezo huo. Anayeandika neno la siri la benki ana sababu ya kuufurahia ukuta huu. Mwenye skrini mbili aliyezoea kukuta kila kitu mahali pake ana sababu ya kuuchukia. Nisingependa mmoja wao aambiwe kwamba hoja yake ni ya kipuuzi. Skrini nazo zikawa na pikseli nyingi ndogo mno, na GTK 2 haikujua kuongeza ukubwa wa vitufe kwa kipimo cha skrini hizo. Kwenye kompyuta mpya, alama za zana za GIMP ya zamani zilikuwa ndogo kama chembe.

Sasa nije kwenye jambo linalotugusa sisi wasomaji wa Kiswahili, ambalo sijaliona likizungumzwa vya kutosha.

GTK 2 ilikuwa na kitu kilichoitwa vitufe vya akiba. Mwandishi wa programu hakuandika neno la kuhifadhi. Aliandika GTK_STOCK_SAVE, na maktaba ikampa neno, picha yake ndogo, njia ya mkato ya kibodi, na tafsiri. Tafsiri hiyo ilikaa ndani ya GTK. Lugha yoyote ambayo watu wake waliwahi kukaa na kutafsiri maneno ya maktaba hiyo mara moja, ilipata vitufe vya lugha yake katika kila programu iliyotumia akiba, hata ile ambayo hakuna mtafsiri aliyewahi kuifungua. Kwa lugha yenye watafsiri wachache huo ni urithi mkubwa. Saa moja ya kazi ya mtu mmoja iliwafikia watumiaji wa programu mia.

Toleo la GTK 3.10, la mwaka 2013, lilitangaza kwamba vitufe vya akiba vimepitwa na wakati, na GTK 4 haina tena hata kimoja. Sababu zake zilikuwa na mantiki: neno, picha na njia ya mkato vilikuwa vimefungwa pamoja ilhali wabunifu walitaka kuvitenganisha, na picha ndani ya kila kitufe zilikuwa zimeshaachwa. Lakini katika kuhama, kila programu ikaandika maneno yake yenyewe na kuhitaji tafsiri zake yenyewe. Lugha kama Kijerumani na Kifaransa, zenye vikosi vya watafsiri kila mahali, hazikuhisi kitu. Lugha yenye watu wachache wa kujitolea ilihisi. Programu moja itasema Ghairi, nyingine Sitisha, ya tatu itabaki na Kiingereza kwa kuwa hakuna aliyeifikia.

Na si hilo tu. Katika mfumo wa tafsiri unaotumiwa na programu hizi, sentensi ya Kiingereza ndiyo ufunguo wa tafsiri. Ikiguswa hata nukta, tafsiri yake huwekewa alama ya shaka, na kwa kawaida mtumiaji huoneshwa Kiingereza mpaka mtu aje kuithibitisha. Kuhama toleo huja na kupanga upya menyu na kuandika upya maelezo. Mhandisi anayebadilisha maelezo ya visanduku mia kwa siku moja anaamini ameboresha, na pengine kweli, lakini amefuta vilevile jioni nyingi za mtu asiyemjua.

Nawafikiria watu wa mradi wa Kilinux, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, waliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, mkusanyiko wa programu za ofisi kwa Kiswahili. Hiyo ilikuwa programu nyingine, yenye fremuweki yake nyingine, lakini hatari ni ileile. Tafsiri haifanywi mara moja ikawekwa kabatini. Imefungwa kwenye toleo, na toleo likihama lazima mtu ahame nalo. Tunapopongeza uzinduzi wa programu kwa Kiswahili, ningetamani tuulize pia nani analipwa kuitunza kwenye toleo litakalofuata.

Upande wa pili nao lazima usemwe. Kuhama kutoka GTK 1 kwenda GTK 2 mwaka 2002 ndiko kulikoleta Pango, maktaba ya kupanga maandishi, na maandishi ya Yunikodi, na hapo ndipo Kiarabu, Kihindi na maandishi mengine mengi yalipoanza kuonekana sawasawa katika programu hizi. Aliye Lamu au Muscat akitaka kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, herufi zikashikana inavyotakiwa, anafaidika na uhamaji ule. GTK 3.12 nayo ilianza kuachana na kushoto na kulia katika nafasi za pembeni, ikaweka mwanzo na mwisho, ili kiolesura kinachosomwa kutoka kulia kigeuke chenyewe. Mabadiliko hayohayo yanayochosha ndiyo yaliyowafungulia watu mlango.

Gharama, hata hivyo, huanguka mahali pasipohesabiwa. Waandishi wa maktaba huandika badiliko mara moja. Waandishi wa programu hulilipia kila mmoja kivyake. Na waandishi wa programu-jalizi, vile vipande vya ziada vinavyochomekwa kwenye programu, hulilipia baada yao. Programu-jalizi za Python za GIMP 2.10 zilitegemea Python 2, lugha ambayo utunzaji wake ulikoma tarehe 1 Januari 2020. GIMP 3 inatumia Python 3 kwa njia mpya kabisa. Mtu aliyeandika jalizi moja ya kusafisha picha zilizoskaniwa, akaitoa bure, kisha akahamia kazi nyingine, hana wajibu wa kurudi. Anayeitegemea jalizi hiyo anabaki kwenye 2.10, na simlaumu. Waandishi wa Qt, wenzao wa GTK, walipohama kutoka 3 kwenda 4 mwaka 2005 waliandika maktaba ya daraja, Qt3Support, ili msimbo wa zamani uvuke kipande kwa kipande. GTK 2 na GTK 3 haziwezi kukaa ndani ya programu moja inayoendeshwa. Zikikutana, programu inakataa. Kwangu daraja la Qt lilikuwa uamuzi wenye utu zaidi, ingawa kulitunza ni ghali.

Na foleni inaendelea. GTK 4.10, iliyotoka Machi 2023, iliiwekea GtkTreeView alama ya kupitwa na wakati. Hiyo ndiyo iliyobeba orodha na majedwali tangu 2002. Bado inafanya kazi, na itaendelea mpaka GTK 5 itoke, lakini kompaila sasa inatoa onyo kila nikijenga programu yangu ya vitabu. Jedwali lake kuu lina safu ya tarehe isiyo na kichwa, iliyowekwa na mtunzaji aliyenitangulia, na msimbo unanieleza vizuri jinsi inavyochorwa. Kabla sijaihamisha nitakwenda kwa wakutubi wanaoitumia, niwaulize inawasaidia nini.